Shule ikihamia nyumbani, mzazi asigeuzwe mwalimu mkuu

Jumapili, Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alisimama mbele ya kamera jijini Nairobi akatangaza kwamba shule zote nchini zifungwe. Zilikuwa zimepita siku mbili tu tangu mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 athibitishwe Kenya. Shule za kutwa zilifunga siku iliyofuata. Wanafunzi wa mabweni walitakiwa wawe wameondoka kufikia Jumatano, na wale wa vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Vituo vya matatu vilijaa masanduku ya chuma na magodoro yaliyokunjwa yakafungwa kamba. Wazazi wengi walidhani ni likizo ya wiki mbili tatu iliyokuja kabla ya wakati wake. Kumbe watoto wengi hawangeketi tena darasani hadi Januari 4, 2021.

Katika miezi hiyo tisa na ushei, mijadala ya elimu ilitawaliwa na swali moja: masomo yatawafikiaje watoto? Ni swali la haki. Lakini lipo jingine lililostahili kutangulia, na hadi leo halijapewa uzito wake. Hiyo nyumba inayopelekewa masomo iko katika hali gani? Mama bado ana kazi? Kodi imelipwa? Yupo mtu mzima aliyetulia kiasi cha kumsikiliza mtoto akisoma aya moja hadi mwisho?

Kosa kubwa la mwaka ule lilikuwa kuichukulia kila nyumba kama darasa lililokosa ubao, na kila mzazi kama mwalimu aliyekosa mafunzo. Kosa hilo litarudiwa shule zitakapofungwa tena, maana zitafungwa tena.

Serikali haikukaa mikono mifukoni. Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilikuwa na vipindi vyake, na ikavipeleka kwenye Radio Taifa na idhaa ya Kiingereza ya KBC, kwenye runinga ya Edu Channel, YouTube na maktaba yake ya mtandaoni. Julai mwaka huohuo, kampuni ya Loon, ndugu wa Google, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, ilirusha maputo makubwa angani ili yamwage intaneti katika maeneo ya magharibi na kati mwa nchi. Ilikuwa habari ya kupendeza na picha zake zilizunguka dunia. Ilipofika Januari 2021, Loon ikatangaza kwamba inafunga biashara.

Chini huku, mambo yalikuwa mengine. Sensa ya 2019 ilikuwa imekwisha kueleza nani ana nini: redio katika asilimia 56.9 ya kaya za Kenya, runinga asilimia 40.7, intaneti asilimia 17.9, na kompyuta au tableti asilimia 8.8. Takwimu hizo zilikuwa mezani kabla ya virusi kuingia nchini. Shirika la Usawa Agenda lilipochunguza hali ya masomo ya mbali mwaka 2020, lilikuta kwamba ni takriban watoto 22 kati ya kila 100 waliokuwa wakipata masomo ya kidijitali. Waliobaki walikuwa nyumbani, basi.

Tarakimu hizo huwa na sura ukiingia ndani. Chukua nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi kule Mukuru au Mathare, aina ya nyumba ambamo maelfu ya familia za Nairobi huishi. Kitanda kiko nyuma ya pazia, stovu ya mafuta ya taa karibu na mlango, mitungi ya maji pembeni. Kuna meza ndogo ambayo asubuhi ni ya chai, mchana ni ya kukatia sukuma wiki, na usiku ni ya vitabu. Watoto ni watatu: mmoja Gredi ya Pili, wa pili Darasa la Sita, wa tatu Kidato cha Kwanza. Simu ya kupapasa ni moja, nayo ni ya baba, mwendeshaji bodaboda. Bila simu hiyo wateja hawampati, na malipo ya M-Pesa hayaingii. Anaondoka nayo saa kumi na mbili asubuhi. Anarudi nayo mbiombio kabla ya kafyu, ambayo mwanzoni ilianza saa moja jioni, betri ikikaribia kuzima na bando limekwisha. Ndipo kundi la WhatsApp la darasa linapofunguliwa: msururu wa ujumbe, picha za kurasa za vitabu zilizopigwa zikapinda, na onyo kwamba kazi iwasilishwe kabla ya saa mbili usiku. Nani ashike simu kwanza? Na yule wa Gredi ya Pili, anayehitaji mtu wa kukaa naye, atakaa na nani wakati mama ndiyo kwanza anawasha stovu?

Mwalimu aliyetuma kazi ile hakuwa na nia mbaya. Naye alikuwa amebanwa na mkuu wake wa shule, na mkuu wa shule amebanwa na mmiliki au na wazazi wachache wenye sauti kubwa. Kila mmoja alisukuma mzigo hatua moja chini, na chini kabisa palikuwa na mama aliyesimama na mwiko mkononi, anaulizwa maana ya neno la Kiingereza ambalo hata yeye halijui.

Kuna familia ambazo hata hazikuwa pamoja. Aprili 6, 2020 serikali ilipiga marufuku safari za kuingia na kutoka eneo la Nairobi; siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwa Nairobi na Mombasa, amri hiyo iliondolewa Julai. Wazazi waliowahi kuwapeleka watoto mashambani kwa nyanya zao walijikuta upande mmoja wa kizuizi cha polisi, watoto upande wa pili. Nyanya aliyezoea kupokea wajukuu kwa wiki tatu za Desemba sasa alikuwa nao kwa miezi mitatu, bila kujua fedha za unga zitatoka wapi. Huyo ndiye aliyetarajiwa asimamie Kemia ya Kidato cha Pili.

Msongo wa mzazi, basi, haukutokana na hesabu za sehemu wala mnyambuliko wa vitenzi. Ulitokana na hoteli zilizofungwa, viwanja vya ndege vilivyonyamaza, masoko yaliyovunjwa, vibarua vilivyokauka. Mapema Mei 2020, katikati ya mvua na katikati ya kafyu, maelfu ya wakazi wa Kariobangi, Nairobi, walibomolewa nyumba zao. Wapo watoto waliokuwa na madaftari ndani ya nyumba hizo. Walimu wa shule za binafsi nao, hasa zile za bei nafuu mitaani, waliacha kulipwa. Wengine waligeukia uchuuzi. Shule moja binafsi huko Mwea, Kaunti ya Kirinyaga, ilifika hadi kwenye vyombo vya habari vya kimataifa baada ya madarasa yake kugeuzwa mabanda ya kuku.

Serikali ilianzisha mpango wa kutuma Sh1,000 kwa wiki kwa familia zilizoathirika zaidi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2021 ilieleza kwamba katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ni sehemu ndogo sana ya familia zenye uhitaji iliyofikiwa, na kwamba orodha za wanufaika zilijaa upendeleo. Shilingi elfu moja hununua unga, mafuta ya taa na mboga za siku kadhaa. Inapomfikia mama aliyekwama, hununua pia kitu ambacho hakimo katika mtaala wowote, yaani jioni moja isiyo na kelele. Mtu anayepanga sera za masomo ya nyumbani bila kupanga chakula cha hiyo nyumba anajidanganya.

Hapa ndipo waliobobea katika malezi walipoona mbele kuliko waliobobea katika mitaala. Machi 2020, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na watafiti kadhaa, akiwemo Profesa Lucie Cluver wa Chuo Kikuu cha Oxford, walitoa vijikaratasi sita vya ushauri kwa wazazi. Baadaye vilitafsiriwa katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo. Havikuzungumzia silabasi. Cha kwanza kilimwomba mzazi atenge muda na kila mtoto peke yake, dakika 20 hivi, na mtoto ndiye achague wafanye nini. Vingine vilihusu kumsifu mtoto anapofanya vyema, kupanga siku iwe na mpangilio unaobadilika pale inapobidi, kushughulikia utundu bila kipigo, kuzungumza naye juu ya ugonjwa bila kumtisha, na mzazi mwenyewe kujituliza. Hicho cha kujituliza kilikuwa rahisi kupita kiasi: keti, fumba macho, sikiliza pumzi zako kwa muda mfupi kabla hujajibu. Wenye haraka waliona ni mzaha. Mama mwenye watoto wanne ndani ya chumba kimoja anajua si mzaha hata kidogo.

Suala la kipigo halipaswi kupitwa kimyakimya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamkataza mwalimu wa Kenya kumchapa mwanafunzi. Mzazi aliyegeuzwa mwalimu kwa tangazo la televisheni hakupewa nakala ya sheria hiyo, na uvumilivu wake ulikuwa umekwisha tangu mwenye nyumba alipobisha hodi asubuhi. Mtoto aliyekosea hesabu ya kugawanya alilipia makosa ambayo hakuyafanya. Na mtoto anayesoma huku akitazama mkono wa mzazi utakapoinuka hajifunzi kugawanya. Anajifunza kukwepa meza.

Wapo watakaosema haya ni maneno laini, kwamba mtoto ni lazima asome, na ukilegeza kamba atapitwa na mwenzake wa mtaa wa kitajiri wa Kileleshwa mwenye kompyuta ya mkononi na mwalimu wa ziada. Hoja hiyo ina uzito na inastahili jibu lenye ushahidi. Ushahidi upo, na ulitoka barani Afrika.

Mwaka 2020, shule za Botswana zilipofungwa, shirika la Young 1ove pamoja na watafiti wakiwemo Noam Angrist lilifanya jaribio lililohusisha takriban kaya 4,500. Familia ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja halikupewa chochote. La pili lilitumiwa ujumbe mfupi wa simu kila wiki, wenye maswali mepesi ya hesabu. La tatu lilitumiwa ujumbe huohuo, kisha mtu akapiga simu mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20. Simu ilikuwa hivi: mzazi anaombwa amwite mtoto na kuweka sauti ya nje, ili wote watatu wasikie. Mpigaji anauliza hali, anataja swali lililotumwa, anamsubiri mtoto afikiri, anamwelekeza anapokwama. Hapakuhitajika intaneti wala simu ya kupapasa. Simu ya vibonyezo, ile ya tochi, ilitosha.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Human Behaviour. Ujumbe mfupi peke yake haukusogeza mambo kiasi cha kujivunia. Ujumbe ukifuatwa na simu, watoto walisonga mbele katika hesabu, na wazazi wakajua kwa usahihi zaidi watoto wao wanaweza nini na hawawezi nini. Jaribio hilo lilirudiwa katika nchi tano, yaani India, Nepal, Ufilipino, Uganda na Kenya, kwa zaidi ya kaya 16,000, na simu zikaonekana kufaa. Pale ambapo walimu wa serikali walipewa kazi hiyo badala ya wafanyakazi wa mashirika, waliiweza sawasawa.

Isidhaniwe kwamba simu ni dawa ya kila donda. Utafiti mwingine uliofanywa Kenya wakati huohuo na Beth Schueler na Daniel Rodriguez-Segura wa Chuo Kikuu cha Virginia ulihusu walimu wa shule za binafsi waliowapigia wanafunzi wao. Alama hazikupanda. Kilichopanda ni hisia za watoto kwamba walimu wao wanawajali. Baadhi ya wachambuzi walikisoma hicho kama kushindwa. Katika mwaka ambao mtoto hajamwona mwalimu wake kwa miezi sita, kuna sababu ya kukisoma kinyume chake. Mtoto anayeamini kwamba bado kuna mtu shuleni anayemkumbuka ana sababu moja zaidi ya kurudi milango itakapofunguliwa.

Kurudi kwenyewe kulikuwa kazi. Ripoti ya mwaka 2021 iliyoandaliwa na Population Council pamoja na kitengo cha sera cha Ofisi ya Rais ilionyesha kwamba, miongoni mwa vijana waliofuatiliwa, wasichana 16 na wavulana 8 kati ya kila 100 hawakurejea shule zilipofunguliwa Januari. Kule Siaya, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la BMJ Global Health uliwalinganisha wasichana wa sekondari waliokumbwa na kufungwa kwa shule na wale waliowatangulia. Waliokumbwa walikuwa katika hatari mara mbili ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo.

Wasichana hao hawakukosa vipindi vya redio tu. Shule ilikuwa inawapa saa za mchana ambapo wako mahali panapojulikana, wenzao wako karibu, na mtu mzima anaita majina. Nyumbani, mchana ulijaa maji ya kuchota, wadogo wa kubeba, na jirani mwenye fedha za pedi. Kwa watoto wa kaunti kame, shule ilikuwa pia sahani ya githeri ya adhuhuri. Wavulana nao walichukuliwa na machimbo ya mchanga, vibanda vya kuoshea magari na bodaboda. Kijana wa miaka 15 aliyeonja mia tatu za siku hakurudi kirahisi kwenye kaptura.

Uganda ilionyesha mambo haya kwa ukubwa wake wote. Shule zake zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa vipande, zikafungwa tena Juni 2021, na kufunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Ilikuwa karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Mamlaka ya Mipango ya nchi hiyo ilitabiri kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi kabisa.

Nini basi kinawezekana ndani ya nyumba ya kawaida, yenye mzazi aliyechoka? Kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuanzia. Mpangilio wa siku una nguvu kuliko saa nyingi za masomo: kuamka saa ileile, kula pamoja, nusu saa ya kitabu, saa za mchezo nje, kulala saa ileile. Mtoto aliyezingirwa na habari za vifo hupumua anapojua kitakachofuata baada ya chai. Kwa wadogo, nusu saa ya usikivu wa kweli ni bora kuliko saa nne za kupiga kelele mbele ya daftari.

Na masomo hayakosekani. Mtoto anayetumwa kwa mama mboga na noti ya mia, alete nyanya za thelathini na vitunguu vya ishirini, amefanya hesabu. Anayepima vikombe vya maji na unga wa ugali amefanya uwiano. Anayesomea wadogo zake kitabu cha hadithi kwa sauti amefanya zaidi ya zoezi la ufahamu. Jioni, nyanya akisema “kitendawili” na chumba kizima kikaitikia “tega”, hakuna bando linalotumika. Kama runinga ipo, vipindi vya Kiswahili kama Ubongo Kids, katuni zilizoanza kurushwa Dar es Salaam mwaka 2014, hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo. Mzazi akiketi atazame pamoja na watoto badala ya kuwaachia rimoti, mazungumzo ya baada ya kipindi huwa somo la pili.

Jambo moja huachwa nje ya makala nyingi za malezi: akina baba. Mwaka 2020 wanaume wengi walikaa nyumbani mchana kwa mara ya kwanza katika ndoa zao, na bado mzigo wa masomo uliangukia akina mama, waliokuwa pia wakipika, wakifua na kutafuta vibarua. Baba aliyesoma hadi Darasa la Nane anaweza kumsikiliza mtoto wa Gredi ya Kwanza akisoma. Hahitaji mafunzo. Anahitaji tu kuzima redio ya mpira kwa dakika 20.

Mzazi naye ana haki ya kuchoka. Katika jamii zetu mzazi akisema amelemewa huambiwa avumilie, au hupelekwa kanisani au msikitini akaombewe. Maombi yana nafasi yake. Lakini mama ambaye halali, anayelia jikoni, anayemfokea mtoto kisha akajuta, anahitaji pia mtu wa kumshikia watoto saa mbili, mwenzake wa chama wa kumpigia simu, na muuguzi katika zahanati atakayemsikiliza bila kumdharau. Vyama vya akina mama, vile vya kuchangiana mia mbili mia tatu kila wiki, viliokoa nyumba nyingi wakati ule kuliko mpango wowote uliozinduliwa kwa ngoma na hotuba.

Upande wa shule, somo lililopaswa kuingia vichwani ni la kupunguza. Wizara ilifanya kinyume. Julai 2020, Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umehesabiwa kuwa umepotea. Shule zilipofunguliwa, ukaanza mkimbio wa kuufidia: mihula ilibanwa, likizo zikakatwa, mihula minne ikasukumwa ndani ya mwaka mmoja, hadi kalenda ya kawaida iliporejea mwaka 2023. Katikati ya mbio hizo, Oktoba na Novemba 2021, mabweni kadhaa ya sekondari yaliteketezwa, na wizara ikalazimika kuwapa wanafunzi mapumziko ya ghafla ya siku chache. Visababishi vya moto ni vingi, lakini watoto waliotoka katika nyumba zenye majeraha walipokelewa kwa ratiba, wala si kwa pole.

Ugonjwa huohuo wa kumtwisha mzazi haukuisha na Covid. Mwaka 2021 malalamiko dhidi ya mtaala wa umilisi, CBC, yalifika mahakamani, na mitandaoni wazazi walicheka kwa uchungu juu ya kazi za Gredi ya Nne, hasa ile ya kutengeneza sanamu ya kutishia ndege shambani. Wakazi wa ghorofa ya tano mtaani Pipeline, Nairobi, walijiuliza ndege wapi na shamba lipi.

Tena, haya si mambo ya janga moja lililopita. Novemba 2022 Uganda ilifunga shule wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu ya Ebola. Mwaka 2024, mafuriko yaliahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili Kenya kutoka Aprili 29 hadi Mei 13, familia nyingine zikiwa zimelala kwenye madarasa hayohayo baada ya nyumba zao kusombwa. Januari 2025 vita vilipofika Goma, shule za mji huo zilifunga milango, na watoto wanaosema Kiswahili kama chetu walikaa nyumbani wakisikiliza milio ya risasi. Ukijumlisha migomo ya walimu na maandamano, mtoto wa eneo hili atamaliza shule akiwa ameonja kufungiwa nyumbani si mara moja.

Kwa hiyo maandalizi yafanywe sasa, shule zikiwa wazi. Mwalimu mwenye darasa la watoto 45 akimpigia kila mmoja dakika 15 kwa wiki, atatumia saa 11 na robo. Ni chini ya saa ambazo angesimama ubaoni. Wizara ilipe salio la simu hizo, kwa makubaliano na kampuni za simu, isimwachie mwalimu agharimie mfukoni mwake. Swali la kwanza la simu liwe la nyumba: mmekulaje, mmelalaje, kuna mgonjwa? Swali la pili liwe moja la hesabu au kusoma. Majibu ya swali la kwanza yaende kwa chifu na afisa wa maslahi ya jamii, ili fedha za dharura zifuate watoto wanaojulikana kwa majina, badala ya orodha zinazoandikwa gizani. Mpango wa Inua Jamii, unaowalipa wazee Sh2,000 kwa mwezi, umekwisha kuonyesha kwamba njia ya kumfikishia mwananchi fedha ipo.

Dakika 15 kwa kila mtoto ni haki zaidi kuliko saa sita za Zoom kwa watoto wachache. Mwenye kompyuta Kileleshwa ataendelea na yake, hakuna anayemzuia. Wale 78 kati ya kila 100 ambao hawakufikiwa na masomo ya kidijitali ndio wanaodai kitu.

Bodi za usimamizi wa shule hazihitaji kungoja waraka kutoka Jogoo House, makao makuu ya wizara. Kabla muhula huu haujafungwa, kila mwalimu wa darasa aandike nambari mbili za simu za kila mtoto, ya mzazi na ya jirani au nyanya anayeaminika, pamoja na maelezo mafupi: anaishi na nani, anakula wapi mchana, nani anaweza kumsomea. Daftari la kurasa 96 linatosha kwa shule nzima. Liwekwe ofisini, lipitiwe kila Januari.